Mgonjwa si Ubao wa Kujifunzia

Hakuna daktari aliyezaliwa akiwa daktari. Kila mkono uliopata kuchoma sindano ulikuwa na sindano yake ya kwanza, na kila mkunga aliyepata kupokea mtoto alikuwa na mtoto wake wa kwanza kumpokea. Hilo halina ubishi, wala si jambo la kulaumiwa. Swali linalostahili kuulizwa ni moja tu: makosa ya siku hiyo ya kwanza hulipwa na nani?

Kwa miaka mingi, na katika nchi nyingi duniani, jibu limekuwa kwamba hulipwa na mgonjwa. Mwanafunzi wa udaktari alisoma vitabu, akasikiliza mihadhara, akasimama nyuma ya daktari mkubwa wodini na kutazama jinsi kazi inavyofanywa. Mara ya pili akaambiwa aifanye mwenyewe. Mara ya tatu akahesabiwa kuwa anaijua kiasi cha kuweza kumwonyesha mwenzake. Utaratibu huo ulitoa madaktari wengi wazuri, na si haki kuubeza. Lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulimfanya mgonjwa awe ubao ambao mwanafunzi huandika, akakosea, akafuta na kuandika tena. Ubao hauumii. Mgonjwa huumia, na yako makosa yasiyofutika.

Tena, anayefanywa ubao si mtu yeyote tu. Mwenye fedha humchagua wa kumtibu, na aghalabu humchagua aliyekwisha kukomaa katika kazi yake. Asiye na fedha humpokea yeyote aliyepo zamu. Kwa hiyo pale ambapo mwanafunzi hujifunza kwa kubahatisha juu ya mwili wa mtu, mzigo wa kubahatisha huko humwangukia mkulima, mama wa kijijini na mtoto wake. Hilo ni suala la haki, kabla halijawa suala la elimu.

Kazi nyingine zilikwisha kulitambua jambo hili zamani. Katika vyuo vya ualimu, mwalimu mwanafunzi huanza kwa kufundisha mbele ya wenzake, akakosolewa, ndipo akapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha shuleni chini ya macho ya mkufunzi. Askari hapelekwi vitani kabla hajalenga shabaha mara nyingi uwanjani. Rubani wa ndege ya abiria hukaa ndani ya chumba kilichotengenezwa mfano wa ndege, kisichoruka, akakutana humo na moto wa injini, dhoruba na ukungu, ili siku mambo hayo yatakapomfika angani akiwa na watu nyuma yake yasiwe mageni kwake. Hakuna abiria ambaye angekubali kupanda ndege akijua kwamba rubani anajaribu kutua kwa mara ya kwanza. Kwa nini basi mgonjwa, ambaye hata hana nafasi ya kuuliza, atakiwe kukubali?

Njia ya kuepukana na hali hiyo ipo, nayo ni mafunzo ya kuigiza. Maana yake ni kwamba mwanafunzi hufanya kazi ile ile, kwa vifaa vile vile, kwa haraka ile ile, lakini juu ya mwanasesere badala ya mtu. Wako wanasesere wa bei kubwa wanaoendeshwa kwa kompyuta, wenye mapigo ya moyo na pumzi. Wako pia wa bei nafuu. Mmoja wao ni mfano wa mtoto mchanga anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto halisi; mkufunzi huminya vipira vidogo kumfanya apumue, alie, au kitovu chake kidunde. Mwingine huvaliwa tumboni na mkufunzi, ambaye huigiza mama anayejifungua: mtoto hutoka, kondo la nyuma hutoka, na damu ya bandia hutiririka mpaka mkunga afanye linalopasa kuizuia. Baada ya zoezi, wote huketi na kuzungumza: lipi lilifanyika vizuri, lipi lilichelewa, nani alipaswa kusema nini na hakusema. Mazungumzo hayo ndiyo kiini cha mafunzo yenyewe. Bila hayo, mwanasesere hubaki kuwa mwanasesere.

Wapo watakaodhani kwamba mambo haya ni anasa mpya ya nchi tajiri. Historia haikubaliani nao. Katika Ufaransa ya karne ya 18, mkunga aliyejulikana kwa jina la Madame du Coudray alipewa kibali na Mfalme Louis XV mwaka 1759 azunguke nchi nzima kuwafundisha wanawake wa vijijini kazi ya ukunga. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma. Chombo chake kikuu kilikuwa mfano wa kiuno cha mama na mtoto, ulioshonwa kwa kitambaa na ngozi na kujazwa ndani. Kwa chombo hicho cha sindano na uzi, maelfu ya wakunga walijifunza kumgeuza mtoto aliyelala vibaya bila kumtesa mama yeyote. Mwaka 1960 huko Norway, Asmund Laerdal, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto, alitoa mwanasesere wa kufundishia watu kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Haja ndiyo iliyozaa vyombo hivyo. Utajiri haukuwa sharti.

Haja yenyewe ilidhihirika zaidi mwaka 1999, ilipotolewa taarifa moja mashuhuri nchini Marekani iliyokadiria kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kutokana na makosa ya tiba yaliyoweza kuzuilika. Hizo ni hospitali zenye vifaa vingi na madaktari waliosoma sana. Funzo la taarifa hiyo lilikuwa kwamba makosa mengi hayatokani na watu wabaya wala wavivu. Hutokana na utaratibu mbaya wa kazi: maagizo yasiyosikika vyema, dawa zinazofanana chupa, mtu aliyeona hatari akanyamaza kwa sababu yeye ni mdogo kwa cheo. Tangu mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani limeitenga tarehe 17 Septemba kuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Lakini siku moja ya kalenda haimwokoi mtu. Kinachookoa ni kile kinachofanywa katika siku nyingine zote.

Katika jambo hili Tanzania haina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana imekuwa miongoni mwa walimu wa dunia. Kuanzia mwaka 2009, wahudumu katika hospitali 8 nchini walifundishwa, kwa kutumia mwanasesere, namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa. Kazi hiyo huhitaji mikono myepesi na moyo uliotulia. Mtoto akaushwe, asuguliwe mgongo, njia ya hewa ifunguliwe, na kama bado hapumui, aanze kupewa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijapita. Ndiyo maana wataalamu huiita dakika hiyo dakika ya dhahabu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, yaani kwa asilimia 47. Hata idadi ya waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu ilipungua, kwa asilimia 24. Kupungua huko kunadokeza jambo la kutisha: kwamba baadhi ya watoto waliokuwa wakiandikwa kuwa maiti walikuwa hai, wakingoja tu mtu anayejua la kufanya.

Hata hivyo, funzo kubwa zaidi limetoka katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Wachunguzi wa hospitali hiyo walionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa hewa mtoto asiyepumua huongeza hatari ya kifo chake kwa asilimia 16. Mwaka 2010, watumishi wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa tena kwa mwanasesere miezi 7 baadaye, walikuwa bora kuliko walivyokuwa kabla ya kufundishwa. Lakini waangalizi waliokuwa wakiandika yanayotendeka katika chumba cha kujifungulia waliona kwamba matendo yao kwa watoto halisi hayakubadilika. Walijua, lakini hawakutenda wanachokijua.

Hospitali haikuficha matokeo hayo, wala haikuyatupia lawama. Ilibadili utaratibu. Kuanzia mwaka 2011, mwanasesere aliwekwa mle mle kazini, na watumishi wakafanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Ndipo matendo yakabadilika. Watoto wengi zaidi walisuguliwa kwa wakati, na vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Haydom kilijazwa kwa dakika tano tano.

Mbegu hiyo imekwisha kuota mbali zaidi. Kati ya mwaka 2021 na 2023, vituo 30 vya afya na hospitali katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliunganisha mazoezi hayo ya mara kwa mara na vyombo bora vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, pamoja na desturi ya kuzitazama takwimu za kituo chenyewe na kuamua nini kifanyiwe mazoezi wiki inayofuata. Akina mama zaidi ya 280,000 walihusika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000. Katika uchambuzi wa ziada, vifo vya akina mama vilionekana kupungua kwa kiasi cha asilimia 75. Matokeo hayakuwa sawa katika mikoa yote, na si haki kusema kwamba mwanasesere peke yake ndiye aliyeleta nafuu hiyo. Lakini hakuna awezaye kusema tena kwamba jambo hili halijajaribiwa katika mazingira ya Kitanzania.

Basi ikiwa ushahidi upo, na umetoka humu humu nchini, kinachobaki ni kuuliza kwa nini mazoezi ya namna hii hayajawa desturi ya kila chuo cha afya na kila wodi ya wazazi.

Sababu ya kwanza ni mazoea ya semina. Katika utumishi wa umma kumejengeka imani kwamba mafunzo ni kitu kinachofanyika katika ukumbi, mbali na kituo cha kazi, kwa siku tatu au tano, chenye ufunguzi, chai, cheti na posho. Wanaokwenda si lazima wawe wale wanaokesha zamu. Mara nyingine ni wale walio karibu na anayeandika majina. Wanaporudi, makabrasha hufungiwa kabatini. Haydom imekwisha kuonyesha kwamba hata mafunzo mazuri ya siku moja hayatoshi yasiporudiwa. Ujuzi wa mikono hufifia usipotumiwa, kama njia ya shambani inavyofunikwa na majani isipopitwa. Ni vigumu kuona kwa nini fedha za umma ziendelee kumwagwa katika semina wakati dakika tano za kila wiki, zisizohitaji posho wala nauli, zimethibitika kuokoa maisha. Posho si haramu kwa mtu aliyesafiri kikazi. Lakini posho isiwe ndiyo sababu ya mafunzo kuwapo.

Sababu ya pili ni hoja ya umaskini. Husemwa kwamba nchi yenye upungufu wa dawa na vitanda haiwezi kununua wanasesere. Hoja hii yapasa kuheshimiwa, kwa kuwa upungufu ni wa kweli. Mwanasesere hawezi kuwa badala ya damu salama, wala ya dawa ya kukaza mji wa uzazi, wala ya gari la wagonjwa. Mkunga hodari asiye na mfuko wa kupulizia hewa atasimama akiangalia mtoto anakufa kama asiyejua kitu. Lakini kinyume chake ni kweli pia: mfuko uliofungiwa sandukuni, mikononi mwa mtu asiyeuzoea, hauna faida. Chombo na mazoezi ni kama jembe na mkulima. Kuviweka katika mashindano ni kutafuta kisingizio. Tena, mwanasesere mmoja wa bei nafuu anayetumiwa kila wiki huwafundisha watu wengi kwa miaka. Yule wa bei kubwa aliyefungiwa ofisini kwa kuogopwa kuharibika hamfundishi hata mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta katika jambo hili ni kumlea mtoto aliyepata ulemavu wa maisha kwa kukosa hewa dakika chache.

Sababu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni cheo. Mazoezi ya kuigiza humweka daktari bingwa, tabibu, muuguzi na mhudumu katika zoezi moja, kisha huwaketisha pamoja kuulizana. Wapo wakubwa wasiopenda kuulizwa, na wapo wadogo waliozoea kunyamaza. Lakini mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji katika hospitali za miji 8 duniani, Ifakara ikiwa mojawapo, mambo yaliyodaiwa yalikuwa mepesi kabisa: watu wajuane kwa majina, wataje kwa sauti nani anapasuliwa na wapi, wahesabu vifaa kabla ya kushona. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Watu walisema wanachokijua kwa wakati unaofaa. Muuguzi aliyezoea kusema "Daktari, ngoja kwanza" mbele ya mwanasesere atathubutu kusema hivyo mbele ya mgonjwa. Asiyepata kulisema hilo popote hatalisema usiku wa manane damu inapomwagika.

Hapa ndipo mazoezi haya yanapogusa usalama wa mgonjwa kwa undani zaidi. Katika vituo vingi, kifo kinapotokea, jambo la kwanza kutafutwa ni mtu wa kubebeshwa. Matokeo yake kila mmoja hujifunza kuficha. Faili hujazwa baadaye, saa hurekebishwa, na kosa lile lile humngoja mgonjwa anayefuata. Mficha uchi hazai. Mwanasesere humpa mtumishi mahali pa kukosea hadharani bila kuaibika, na hivyo humzoeza kulitaja kosa kama mwalimu anavyotaja kosa la hesabu ubaoni: lisahihishwe. Hii haina maana kwamba uzembe uvumiliwe. Anayelala zamu akiacha mgonjwa wake awajibishwe kwa taratibu za kazi. Lakini asiyejua kwa sababu hakufundishwa, akaadhibiwa kama mzembe, hataacha kutojua kwa ajili ya adhabu hiyo.

Kwa hiyo yako mambo ambayo hayahitaji kungoja mwaka mwingine wa fedha. Vyuo vya udaktari, uuguzi na utabibu viweke sharti kwamba mwanafunzi asimguse mama anayejifungua kabla hajafaulu kwa mwanasesere, na ufaulu huo upimwe kwa mikono wala si kwa kalamu. Waganga wakuu wa wilaya wahakikishe kwamba mwanasesere yuko wodini na ufunguo wake hauko mfukoni mwa mtu mmoja. Kila kituo kiwe na muuguzi au mkunga aliyepewa dhamana ya kuongoza mazoezi ya kila wiki, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi, isiwe hisani. Maofisa wa mipango katika halmashauri, wanapoandaa bajeti, watenganishe fungu la mazoezi kazini na fungu la semina, ili la kwanza lisimezwe na la pili. Na walimu, ambao huwatayarisha vijana watakaoingia vyuo hivyo, waendelee kuwazoeza kutenda, kwa maana anayetoka shuleni akijua kukariri tu atafika wodini akijua kukariri tu.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba vifo vya akina mama vilikuwa vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vilivyoonekana katika uchunguzi wa 2015 na 2016. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini katika takwimu hizo hizo, vifo vya watoto katika mwezi wa kwanza vilikuwa 24 kwa kila watoto 1,000, karibu sawa na ilivyokuwa kabla. Hapo ndipo kazi ilipobaki. Kila mmoja wa watoto hao aliandaliwa nguo na kuchaguliwa jina kabla hajafika. Wapo ambao walichohitaji ni pumzi chache tu, kutoka katika mikono iliyokwisha kuzoea kuzitoa kabla ya siku ile.